Mtini wa Zaina na Wauguzi Wake

Kuna asubuhi moja ya kipupwe ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na kila unaponitumia picha ya huo mtini wako naiona upya. Jana ulinitumia picha ya jani lililoanguka. Juzi ilikuwa picha ya shina. Leo sijamaliza hata chai, nimekuta umeandika kwenye lile kundi letu la familia ukiuliza ufanye nini, na watu wote wameshakujibu. Mjomba wako anasema weka majivu. Wifi yako anasema maji ya kuoshea mchele. Mumeo amenunua taa ya kuumulikia. Binamu yako wa Tanga, ambaye sijawahi kumwona akipanda hata mchicha, amekutumia video. Na wewe, kwa jinsi ninavyokujua, umeyafanya yote hayo, na mti umedondosha jani jingine.

Nimechoka, mwanangu. Nakwambia kwa upendo, lakini nimechoka. Ndiyo maana nimekuita uje. Weka hiyo simu pembeni nikusimulie ya mama yako mkubwa Zaina, maana yeye mwenyewe, huko kwake Soni, hapendi kuyasimulia, na mimi niliyaona kwa macho yangu.

Wakati huo mimi na Zaina tulikuwa wasichana wakubwa, bado tupo kwa wazazi wetu, huku juu ya mji wa Lushoto, kwenye nyumba hii hii unayoijua, ila haikuwa na dari wala umeme. Baba alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, na mboga zake zilijulikana sokoni. Mama alikuwa mtu wa usafi; sakafu yake ya saruji ilisuguliwa mpaka ukaogopa kuikanyaga. Kaka yetu Athumani alikuwa na jibu la kila jambo, hata lile ambalo hakuulizwa. Na Zaina alikuwa mpole. Alipoongea ilibidi unyamaze ili umsikie, na nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na desturi ya kunyamaza.

Zaina alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Hamza, fundi wa magari. Mama yake Hamza, Bi Rukia, alikuwa mjane aliyekuwa na genge lake la nyanya na vitunguu sokoni Lushoto. Hamza mwenyewe kazi ilimpeleka chini Magoma, kule kwenye joto, akawa anapanda kuja kwetu mara moja moja. Kabla ya kushuka alimletea Zaina mtini uliopandwa ndani ya debe. Usidhani ni mkuyu kama hii mikuyu ya mtoni. Ulikuwa jamaa yao wa kukaa ndani ya nyumba, kama huo wako, wenye majani mapana, magumu, yanayong'aa, na ukilivunja jani linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Alipewa na watu fulani waliokuwa wakihama Lushoto, ambao aliwahi kuwatengenezea gari. Kule Magoma alikuwa analala chumba kimoja na mafundi wenzake, hana pa kuuweka. Akamwambia Zaina autunze mpaka watakapopata nyumba yao.

Akamweleza pia namna ya kuutunza. Nilikuwepo, nilisikia. Mti ukae karibu na dirisha penye mwanga, na ukishakaa usihamishwehamishwe, maana haupendi. Kabla ya kumwagilia, Zaina atie kidole kwenye udongo. Ukiwa bado na unyevu, auache. Ukikauka juu, aumwagilie mpaka maji yatoke chini kwenye matundu ya debe, kisha yale maji ayamwage. Majani ayapanguse vumbi kwa kitambaa kibichi. Basi. Hakuna jambo lingine, mwanangu. Wewe mwenyewe haya umeshayasoma mahali, nina hakika.

Zaina akaurudia ujumbe huo nyumbani siku ile ile mti ulipoingia. Aliusema kwa sauti yake ndogo wakati baba anaulizia koleo, mama anagomba kuhusu matope ya debe kwenye sakafu yake, na Athumani anatueleza kuwa mti wa namna hii aliwahi kuuona mahali na unataka jua kali. Hakuna aliyemsikia. Kesho yake akasema tena. Mama akamjibu vizuri tu, akimwambia sawa mwanangu, huku akiliinua debe kulitia ndani ya beseni ili maji yasichafue sakafu. Kwa hiyo maji yakawa yanatoka kwenye matundu, yanabaki kwenye beseni, na mizizi inaloana kutwa.

Hata hivyo mwanzoni mti ulikaa vizuri, kwa sababu hakuna aliyeujali isipokuwa Zaina. Shida ilianza Bi Rukia alipokuja kutembea. Alikuwa mama mnene, mwenye heshima zake, mwenye kukaa kwenye kiti kama vile kiti kimemngojea siku nyingi. Aliuona mti, akauliza, akaambiwa. Akautazama kwa muda, halafu akamwambia mama, si Zaina, kwamba ni vizuri, tutaona. Msichana akiweza kulea mti wa debe, mtoto hatamshinda.

Alisema kwa kutabasamu. Sidhani alikusudia kututia homa. Lakini tangu siku hiyo nyumba yetu ilipoteza akili. Baba na mama waliyachukua maneno yale kama hukumu iliyokwisha kuandikwa. Mti ukawa ndio posa yenyewe. Ukistawi, binti anaolewa. Ukifa, tumefedheheka mji mzima.

Baba akaanza. Alikuwa anajua kabichi, na kabichi inapenda samadi, kwa hiyo akaujaza mti samadi mpaka sebule ikanuka zizi. Mama akaona majani hayang'ai vya kutosha kwa macho ya mgeni, akayapaka mafuta ya kupikia, jani moja moja, juu na chini. Athumani kila akirudi kutoka shambani anaubeba kuupeleka uani upate jua, na kipupwe cha Lushoto unakijua, jua lenyewe linachungulia kidogo kisha ukungu unafunika kila kitu. Mama akiukuta nje anasema utakufa kwa baridi, anauingiza jikoni kwenye moshi. Baba akiukuta jikoni anasema moshi unaua, anaurudisha sebuleni. Na kila anayepita anaumwagilia. Majirani waliokuja kusalimia walimwagilia. Bi Rukia naye alikuja mara kwa mara kukagua, na kila akija, akishakunywa maji aliyokaribishwa, yanayobaki kwenye glasi anayamimina kwenye debe. Nilimwona. Ilikuwa kama dua yake.

Unaniuliza Zaina alifanya nini. Alifanya kile ambacho na wewe unakifanya, mwanangu, ila yeye alikuwa na udhuru kwa kuwa alikuwa mdogo mbele ya wakubwa. Alinyamaza. Kila jani lilipoanguka aliokota, akaliweka dirishani. Usiku tukiwa kitandani nilimsikia akigeuka geuka. Mimi nilimwambia aseme, akaniambia ameshasema.

Sasa nakuja kwenye asubuhi yenyewe. Dada yake baba, shangazi Mwanaidi, alikuwa anakaa Mponde, mkulima wa chai. Baba alikuwa amemwita ili wapange mambo ya harusi, maana katika ukoo wetu harusi ya binti haipangwi bila shangazi. Alisafiri alfajiri akafika kwetu ukungu bado umelala mlangoni. Akakuta Athumani anatoka na debe, mama ameshika upande wa pili anavuta ndani, na baba amesimama nyuma yao na ndoo ya samadi. Mti katikati unatikisika, majani yanadondoka. Shangazi alisimama pale na mzigo wake kichwani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumpa shikamoo.

Akapita katikati yao, akatua mzigo, akakaa. Chai aliyoletewa hakuigusa. Akawaambia waliweke debe chini palipo karibu, nao wakalitua chini ya dirisha. Halafu akauliza, kwa Kishambaa, kama alivyofanya kila alipokasirika, ni nani aliyeumwagilia mti ule leo.

Mama akasema yeye. Athumani akasema yeye pia, kidogo tu. Baba akakohoa.

"Na nani ameutazama?" akauliza shangazi.

Hatukumwelewa. Akainama akatia mkono kwenye udongo, akautoa umejaa tope jeusi linalonuka. Akautandaza mkono ule mbele ya macho ya baba, ambaye alikuwa mdogo wake na alimwogopa maisha yake yote.

"Huu mti ni wa nani?"

"Wa Zaina," mama akajibu.

"Mmemuuliza Zaina?"

Baba akaanza kusema kwamba Zaina ni mtoto, hajui mimea, na yeye amelima tangu hajaota ndevu.

"Kabichi zako sijazisema," shangazi akamkata. "Nimeuliza kama mmemuuliza mwenye mti."

Akamgeukia Zaina, akamwambia aseme. Zaina akasema yale yale aliyoyasema siku ya kwanza, kuhusu dirisha, na kidole, na maji ya chini kumwagwa, na kutokuhamishwahamishwa. Safari hii nyumba ilikuwa kimya, na sauti yake ilitosha. Alipomaliza, mama alikaa chini akajishika kichwa. Nadhani alikuwa anayakumbuka mafuta.

Shangazi hakuwa mjuzi wa miti ya ndani, na alikiri hivyo. Alisema yeye anajua chai, na chai haikai sebuleni. Lakini aliwajua watu. Aliwaambia, "Kuanzia leo mti huu una mtu mmoja. Nyie wengine mkiona jani limeanguka, liokoteni mkalitupe, mnyamaze."

Ungefikiri mambo yalitengenea hapo. Hayakutengenea, na hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, na wewe ndipo utakaposhindwa usipokuwa mwangalifu. Zaina aliliondoa beseni. Aliichota samadi yote, akatoa udongo uliooza akatia mwingine mkavu, akayaosha majani mafuta yakatoka, kisha akauacha. Na mti ukaendelea kudondosha majani. Kila siku jani, wakati mwingine zaidi. Baba alikuwa akizunguka sebuleni mikono nyuma kama mtu aliyefiwa. Athumani alikula chakula chake nje ili asiuone. Mama alimfuata Zaina kila mahali akimwuliza kama ana hakika, na Zaina anamjibu kwa upole kuwa hana hakika, lakini udongo bado una maji. Shangazi ilibidi aahirishe kurudi Mponde ili awalinde wasiuguse. Mimi nilikuwa namwonea Zaina huruma mpaka nikatamani mti ufe haraka tujue moja.

Kisha tukasikia Bi Rukia anakuja. Mti ulikuwa umebaki na majani machache juu kabisa, shina tupu chini, kama kuku aliyenyonyolewa. Mama akataka ufichwe chumbani nyuma ya pazia, tuseme umeazimwa na jirani. Zaina akakataa. Alisema ukihamishwa tena ndio mwisho wake, na zaidi ya hapo hataki kuanza maisha na mkwe wake kwa uongo. Baba akafungua mdomo, shangazi akamtazama, akaufunga.

Bi Rukia akaja, akasalimiwa, akakaa kwenye kiti chake. Aliuona mti mara tu alipoingia, lakini alikunywa maji kwanza. Halafu akamwambia mama, kwa sauti ya masikitiko, kwamba kumbe hata mti tu umemshinda. Mama akatazama sakafu. Bi Rukia akashusha pumzi, akanyanyua glasi yake, na kama kawaida yake akaielekeza kwenye debe kumimina yaliyobaki.

Zaina alikuwa amepiga magoti pembeni na sinia la vitafunio. Akanyoosha mkono, akaufunika udongo kwa kiganja.

"Samahani, mama. Leo haunywi."

Bi Rukia alibaki na glasi hewani.

"Nani amekwambia?"

"Udongo wake bado una maji. Nimeuangalia asubuhi."

"Mimi nimelea watoto wewe hujazaliwa."

"Najua, mama," Zaina akasema. Mkono wake hakuuondoa. "Na uliyemlea ndiye aliyenifundisha. Huu mti naulea mimi. Ukifa nitajibu mimi, kwako na kwa Hamza. Lakini siwezi kujibu kwa maji ya kila mtu."

Bi Rukia akaitua glasi. Akajifunga khanga yake vizuri, akasema genge amemwachia mtu asiyeaminika, akaaga. Hakugusa vitafunio.

Yaliyofuata nyumbani siyatamani. Baba alimlaumu shangazi kwa kumpa mtoto ulimi. Mama alilia. Athumani akasema alijua. Siku zikapita bila salamu kutoka kwa Bi Rukia, na mjini watu wakaanza kutuuliza kwa adabu kama harusi bado ipo. Hatimaye tukasikia kuwa Hamza ameitwa na mama yake kutoka Magoma. Akaja kwetu, akakaa na baba, akasema mama yake amevunjika moyo, kwamba amedharauliwa mbele ya watu na binti ambaye hajaingia hata nyumbani kwake. Hamza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyebanwa kati ya wanawake wawili, na uso wake ulionyesha hivyo. Alipotoka alisimama kidogo mbele ya mti, akatia kidole kwenye udongo, akamtazama Zaina, akaondoka.

Siku hiyo Zaina nilimkuta bombani, ndoo imejaa inamwagika na yeye haioni. Nikamuuliza kama anajuta. Akanywa maji kwa kiganja kwanza.

"Nikienda kwake bila kuweza kusema neno dogo kama lile," akaniambia, "nitakuja kusema lini?"

Shangazi ndiye aliyemshauri. Alimwambia kwamba alichokisema kilikuwa sawa, ila kumzuia mtu mzima mkono mbele ya wenyeji wake kunaumiza, na hilo linahitaji radhi. Aende mwenyewe, asitume mtu. Aombe radhi kwa kilichoumiza, na asiombe radhi kwa kilicho kweli, kwa sababu akifanya hivyo ataendelea kuomba maisha yake yote.

Tukashuka wawili, mimi na yeye. Bi Rukia alikuwa gengeni anapanga nyanya mafungu mafungu. Tulimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Zaina akachuchumaa chini pale mbele yake, kwenye maganda ya vitunguu, na gauni lake zuri.

"Mama, nimekuja kuomba radhi kwa kukuzuia mbele ya watu. Ilikuwa vibaya, na imeniuma. Kwa ajili ya mti siombi radhi."

Bi Rukia aliendelea kupanga nyanya. Mteja akaja, akahudumiwa, akaondoka. Mimi nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia baba. Halafu yule mama akauliza, bado akitazama nyanya zake, kama mti umekufa. Zaina akasema bado. Akauliza kama haujapewa maji hadi leo. Zaina akasema umepewa, ulipokauka, na majani yameacha kuanguka.

Bi Rukia akajifuta mikono. Akatusogezea vigoda tukae, na hapo ndipo alipotuambia jambo ambalo nadhani hata Hamza alikuwa hajawahi kuambiwa.

"Mimi Hamza si wa kwanza," alisema. "Wa kwanza alikuwa msichana. Nilimzaa nikiwa kwa mama mkwe wangu, mdogo kama wewe. Akashikwa na homa. Nyumba nzima ilimwuguza. Kila aliyeingia alikuja na dawa yake, huyu anamnywesha hiki, yule kile, na mwingine anamtoa nje, na mwingine anamfunika. Nilijua anahitaji kupelekwa hospitali. Nilijua kabisa. Nikasema mara moja, sikusikika. Nikakaa pembeni nimeshika kikombe."

Akapanga upya fungu ambalo lilikuwa limeshapangwa.

"Siku ile ulipoweka mkono nilikasirika mpaka nikashindwa kulala. Nilidhani nimekukasirikia wewe."

Zaina alimshika mkono, wakakaa hivyo wateja wakisubiri. Baada ya muda Bi Rukia akatufungia nyanya kwenye gazeti, zaidi ya tulizoweza kubeba, akasema tumwambie baba harusi iko pale pale, na kwamba yeye atakuja kutembea, na akija atakunywa maji yake yote.

Harusi ikafanyika, na Zaina na mkwe wake waliishi pamoja huko Soni, miaka mingi, nyumba moja, mpaka Bi Rukia alipofariki. Watu walishangaa jinsi walivyopatana. Walikuwa wanabishana sana, nakwambia, nami nimewasikia wakibishana juu ya chumvi ya mboga kama mahakamani. Lakini hakuna aliyewahi kumnyamazia mwenzake. Binamu zako walipozaliwa, wazee wa mtaa walikuja na chupa zao na vifurushi vyao, na Bi Rukia ndiye aliyekaa mlangoni akiwauliza kama wamepata ruhusa ya mama wa mtoto. Wengine walichukia. Hakujali.

Mti nao uliota majani tena mvua za vuli zilipoanza. Haukuwahi kuwa mzuri kama zamani, shina lake limepinda, lakini upo Soni hadi leo, mrefu kuliko Zaina, na ukienda kwake akakwambia usiuguse, usiuguse.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimesema mengi na nataka ushike machache. Huo mtini wako haujakosa kitu. Unasumbuliwa. Uondolee hiyo taa, hayo majivu, hayo maji ya mchele, hiyo sahani iliyojaa maji chini yake, ambayo nimeiona kwenye picha ingawa wewe ulidhani nitatazama jani. Uweke dirishani na uuache hapo. Tia kidole kwenye udongo kabla ya kutia maji. Majani yataendelea kuanguka kwa muda, na wewe utaumia, na watu watakupigia simu. Vumilia. Mti unapona polepole kuliko unavyougua, na hakuna ushauri wa mtu yeyote utakaouharakisha, hata wangu.

Lakini mimi sikukuita kwa sababu ya mti peke yake. Nimekutazama tangu uolewe. Ukipata shida unamuuliza kila mtu, na kila anachosema unakifanya, kisha unashangaa mambo yanaharibika. Ujauzito huo ulionao, ambao umedhani sijauona, nao kesho utaanza kuutolea picha kwenye kundi, na binamu yako wa Tanga atakutumia video. Usifanye hivyo. Chagua mtu mmoja au wawili unaowaamini, nenda kliniki uwasikilize wanaokupima, na mengine uyaache yapite. Ukiujua ukweli wa jambo lako, useme. Useme kwa heshima, umpe mkubwa wako shikamoo yake yote, umwombe radhi pale ulipomuumiza, lakini useme, na usiposikika mara ya kwanza usikae pembeni na kikombe. Na siku ukiwa mkubwa wewe, ukaingia kwenye nyumba ya mtu na ukaona kitu chake kinanyauka, kabla hujainua glasi yako muulize mwenye nyumba amefanya nini na anataka nini. Mimi mwenyewe najizuia hivi sasa nisije huko kwako nikaubeba huo mti, na Mungu ndiye anayejua ninavyojizuia.

Nenda basi. Mungu akujalie mimba yako ifike salama na mtoto wako akue mbele ya macho yako. Amjalie mumeo akusikilize na wakwe zako wakuulize. Akupe sauti ya kutosha nyumbani kwako, na subira ya kutazama kitu chako kikipona bila kukivuta. Na sisi wazee wako atupe uwezo wa kunyamaza, maana huo ndio tuliokosa. Amina.

Na hizo picha, mwanangu, usinitumie tena mpaka jani jipya litokeze.